Nimeacha pombe miezi saba, nataka kucheza ulevi wangu mwenyewe katika filamu

SWALI: Jambo sana, Mama. Mimi ni mwigizaji hapa Lubumbashi, nina miaka 36, naishi Katuba. Watu wananijua kwa nafasi moja tu, ya mlevi. Nimeicheza miaka kumi na moja, jukwaani na kwenye video fupi, na kila onyesho likiisha watu walikuwa wananiletea chupa mezani kunipongeza. Miaka hiyohiyo nilikuwa nalewa kweli, asubuhi lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, usiku bia. Mke wangu alirudi kwao Likasi na watoto wetu wawili. Mama anasema usiku wa kilio cha shangazi nilivunja dirisha la nyumba yake, mimi sikumbuki hata kidogo. Sasa nina miezi saba bila tone. Nataka kufanya filamu ya maisha yangu na ya marehemu baba, aliyeanza kunywa alipotoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003. Nataka nijicheze mwenyewe. Rafiki mmoja anasema filamu itaniponya, mwingine anasema itanirudisha kwenye chupa. Nimehifadhi nusu chupa ya lutuku chini ya nguo, ile ya mwisho, nataka ionekane katika filamu. Nifanye nini?

JIBU: Jambo, mwanangu. Nianze na hiyo nusu chupa, maana mengine yanaweza kungoja wiki mbili, hiyo haingoji hata usiku wa leo. Usiimwage wewe. Mwite mdogo wako au jirani unayemwamini, mwonyeshe ilipo, kisha toka uende dukani ununue hata chumvi. Aimwage yeye, aoshe chupa kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, aianike juani mpaka isinuke kitu. Lutuku ni nyeupe kama maji, kwa hiyo siku ya kupiga picha mtatia maji na hakuna mtazamaji atakayejua. Unaiita kumbukumbu. Nina zaidi ya miaka ishirini ya kuwasikiliza watu wa pombe, na sijamwona mtu aliyeficha chupa kwa ajili ya kumbukumbu, mwaka ukaisha akaikuta bado ina kitu.

Na kama umeshaigusa tangu uniandikie, ukarudi kunywa kila siku, usikate ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa huanza kutetemeka ndani ya saa chache, kifafa kinaweza kumpata mtu katika siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, moyo ukienda mbio. Hali hiyo huua. Nenda hospitali, au kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain hapahapa mjini, wakuangalie kwa dawa ya kutuliza kama diazepam kwa siku chache na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wameishiwa bila kujua. Hakuna aibu ndani yake. Ni kama kwenda na malaria.

Sasa filamu. Marafiki zako wawili, kila mmoja ameona upande mmoja.

Kuandika mambo mazito kunasaidia, hilo limepimwa. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, waandike jambo lililowaumiza maishani. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walitoka chumbani na huzuni kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Angalia vizuri mpangilio huo. Uzito unatangulia, nafuu inakuja nyuma yake kwa mbali. Na uzito wa namna hiyo, ule wa jioni moja, ndio ambao wewe kwa miaka kumi na moja uliutibu kwa lutuku.

Mwigizaji wa Marekani Shia LaBeouf alipita njia hii unayoitamani. Julai 2017 alikamatwa katika jimbo la Georgia kwa ulevi hadharani, akaingizwa kwenye kituo cha matibabu, na humo, kama sehemu ya tiba, akaandika utoto wake na baba yake. Maandishi yale yakawa senario ya Honey Boy, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance Januari 2019. Lakini tazama alivyojipanga. Hakuongoza mwenyewe, aliongoza Alma Har'el. Wala hakujicheza. Walimcheza wengine wawili, Noah Jupe akiwa mtoto na Lucas Hedges akiwa kijana, na yeye akamcheza baba. Nitarudi kwake, maana mambo yake hayakuishia pale.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: filamu fanya, lakini mlevi asichezwe na wewe.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kukaa pembeni wakati filamu fupi inapigwa, katika ua mmoja Kamalondo. Mwigizaji alikuwa na mwaka mzima bila pombe, mtu makini, mcha Mungu. Chupa ilitiwa chai baridi, kizibo kikarudishwa na kubanwa kwa koleo, kwa sababu mwongozaji alitaka sauti yake. Akakifungua kwa meno. Kizibo kikaruka, kikagonga beseni la bati. Mimi nilikuwa naangalia koo lake, na lilimeza kabla chupa haijafika mdomoni. Likameza tena. Jasho likatoka juu ya mdomo wa juu, matone madogo kama ya mtu anayekula pilipili. Alicheza vizuri mno, watu wote uani wakapiga makofi. Usiku simu yangu ikalia. Alikuwa amesimama mbele ya nganda, yaani baa, ananiomba nisikate mpaka teksi ije.

Ile haikuwa udhaifu wa moyo. Ubongo wa mtu aliyekunywa miaka mingi umejifunza njia nzima, siyo pombe peke yake. Umejifunza mlio wa kizibo, ubaridi wa chupa kiganjani, saa ya jioni, kiti cha plastiki, hata wimbo fulani. Kimoja kikitokea, mwili unaanza kujiandaa kabla hujaamua lolote, na chai haiudanganyi kwa kuwa haukungoja kuonja. Kisha ongeza ufundi wako. Kazi ya mwigizaji mzuri ni kuuamsha mwili ukumbuke: ulisimamaje, ulishikaje glasi, ulijisikiaje ilipopita kooni. Hilo ndilo jambo ambalo sisi tunamwomba mtu wa miezi saba asilifanye akiwa peke yake, na wewe unataka kulifanya mbele ya kamera, mara sita, mpaka picha itoke safi.

Utaniambia Richard Pryor alijicheza. Kweli. Juni 1980 alijiunguza vibaya akiwa katika kokeini, watu wakaambiwa ni ajali, na mwaka 1986 aliongoza filamu, akamcheza mtu aitwaye Jo Jo Dancer, ambaye ndani ya filamu anajimwagia pombe mwenyewe na kujiwasha. Ukweli ulipita pale. Lakini ilikuwa miaka sita baadaye. Wewe una miezi saba.

Kuna sababu nyingine, na hii inanigusa zaidi. Mlevi wetu wa jukwaani namjua, nimemcheka tangu nikiwa msichana. Anakuja akiyumba, anausalimu mlingoti wa umeme kama mkwe wake, anatafuta kiatu kumbe kakivaa, nasi tunajishika mbavu. Mlevi huyo hana nyumba. Hujamwona akirudi. Mchezo unaisha angali barabarani, na hatujui kama kuna mtoto anayesikiliza hatua zake gizani ajue leo ni siku ya namna gani. Wewe umemcheza mtu huyo miaka kumi na moja, na malipo yake yalikuwa chupa mezani. Ukimcheza tena, hata kwa nia njema, watu watacheka mara tu ukiyumba, kwa sababu uso wako umeshawafundisha kucheka. Filamu yako ianze pale mchezo ule unapoishia, yaani mlangoni. Mtafute kijana ambaye hanywi, ambaye hakuna aliyewahi kumcheka, acheze nafasi hiyo. Onyesho la mlangoni halihitaji chupa hata moja. Linahitaji ufunguo usioingia kwenye tundu.

Wewe mcheze baba yako.

Jacob Moreno, daktari aliyeanzisha tiba ya maigizo huko Vienna karibu miaka 100 iliyopita, alikuwa na zoezi ambalo bado tunalitumia: anayelalamika anakaa kwenye kiti cha anayelalamikiwa, anasema kwa kinywa chake. Nimewaona watu wazima wakikaa kwenye kile kiti kwa hasira na kushindwa kusimama tena kwa dakika kumi. Baba yako naye alikunywa, najua, kwa hiyo usimcheze usiku. Mcheze baba wa asubuhi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wanaume waliozoea kuamka na king'ora. Mtu wa namna hiyo haachi kuamka kwa sababu tu ametia sahihi karatasi. Anaamka gizani, anavaa viatu, anakaa. Wewe ulikuwa na miaka mingapi? Kumi na nne, kumi na mitano? Ulimwona amekaa. Mcheze hapo, na viatu vyake, na mikono isiyo na kazi. Humo hamna pombe, na bado kuna kila kitu cha kueleza iliingiaje.

Sasa narudi kwa LaBeouf, na hapa soma polepole. Desemba 2020, mwaka mmoja tu baada ya filamu kufika kwenye kumbi za sinema, alikiri hadharani kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiwaumiza watu wa karibu yake, na kwamba ulevi na ukali wake havina udhuru. Kwa hiyo filamu nzuri, iliyosifiwa, haikuwa imemaliza ugonjwa. Kisha mwaka 2022 alisema jambo lililonikaa rohoni: kwamba baba yake hakuwa yule mtu tuliyemwona. Kwamba baba alikuwa na makosa yake, ndiyo, lakini alikuwa na upendo, na yeye mwanawe alimchafua mbele ya dunia nzima kwa hadithi ya kujihurumia. Baba yule alikuwa hai, akalazimika kuishi na sura ile. Wa kwako amelala kaburini, hawezi hata kupinga.

Simwoni LaBeouf kuwa mwongo. Naona hatari ambayo kila mtu wa pombe anayeandika maisha yake anaikuta. Umesema hukumbuki kuvunja dirisha. Familia nyingi husikia hivyo zikadhani mtu anakwepa. Pombe ikiingia nyingi na kwa haraka, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu inaacha kuandika. Mtu anatembea, anabishana, anavunja dirisha, anajibu maswali, lakini hakuna kinachohifadhiwa. Wewe ni mtu wa filamu, utanielewa: kamera inawaka, picha inaonekana kwenye kioo, lakini kadi haimo ndani. Usitafute usiku ule kichwani mwako, hutaupata, haukuwahi kuwekwa. Na penye pengo kama hilo, akili hujaza. Hujaza kwa kilicho chepesi kuvumilika, mara nyingi kosa la mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema nusu ya filamu yako haimo mikononi mwako. Iko kwa mama yako. Iko Likasi. Iko kwa wazee waliofanya kazi na baba yako, ambao bado unaweza kuwakuta, na ambao wanajua alikuwa nani kabla hajawa baba aliyelewa. Kwenda kuichukua huko ndiyo kazi yenye nguvu ya kutibu kuliko siku zote za kupiga picha. Walevi waliojikusanya Marekani kuanzia mwaka 1935, wakaandika hatua zao 12 mwaka 1939, walitia jambo hili katikati: hatua ya nane ni kuorodhesha watu uliowadhuru, ya tisa ni kwenda kutengeneza nao, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawadhuru tena. Hilo neno la isipokuwa ulichukue kama sheria ya filamu yako. Kama mke wako akisema usiku fulani usionyeshwe, usionyeshwe. Usimbembeleze kwa jina la sanaa. Ule usiku ni wake kuliko ulivyo wako, yeye alikuwa macho. Watoto wako wasiwe ndani ya filamu kabisa, hata kwa sauti, hata kama wanafurahi kuombwa. Badilisha majina, badilisha mtaa, mpe mtu wako kazi nyingine isiyo ya uigizaji. Maisha yako hayatapungua kitu, na jirani hatamnyooshea mama yako kidole sokoni.

Kuhusu namna ya kuandika, sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kuazima mbali. Kundi la Mufwankolo lilifanya teatri ya Kiswahili chetu miaka na miaka bila kuandika maneno ya kila mtu kwenye karatasi. Walianza na methali au jambo moja, wakakaa kulijadili muda mrefu, hili linamaanisha nini, nani limempata, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo mzima juu ya msemo mmoja kuhusu mamlaka, na ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya maana ya msemo wenyewe. Fanya hivyo. Lete ulichosikia kwa mama na kwa wazee, kaa na waigizaji wako, waache wabishane. Kijana anayekucheza atasema kitu ambacho hujawahi kukifikiria juu yako. Kitakuuma. Andika hicho.

Mambo ya kila siku nayapitia haraka. Pigeni picha mchana, mmalize jua likiwa juu, kwa sababu asubuhi na usiku ndizo zilikuwa saa zako. Fedha ishikwe na mtu mwingine, na asilipwe mtu yeyote kwa kinywaji wala kwenye nganda, hata fundi wa taa. Usitumie bia isiyo na kileo kama kifaa, harufu yake inatosha kuamsha yote niliyosimulia. Siku yenye onyesho zito mtu mmoja akusindikize nyumbani, kwa njia isiyopita pale ulipokuwa unakunywa, na kabla ya kuondoka vua nguo za baba yako, nawa uso, wenzako wakuite kwa jina lako. Unaweza kuona ni jambo dogo. Lifanye. Na ukiota unakunywa, usiogope wala usifiche, watu wengi walioacha huota hivyo. Mwambie mtu asubuhi.

Wiki ninayoihofia kuliko zote ni ile ya baada ya filamu kuonyeshwa. Wakati wa kazi una watu, una ratiba, una sababu ya kuamka. Kisha taa zinawaka, watu wanakupigia makofi, anakuja mtu mwema kabisa, amekupenda tangu siku za mlevi wa jukwaani, na mkononi ameshika chupa ya bia ya Simba ya kukupongeza. Tayarisha jibu lako mapema, ulizoee mdomoni kama unavyozoea maneno ya mchezo. Nyumbani kwetu mmoja alikuwa anasema, "Mi nilimalizaka fungu langu," watu wanacheka na kumwacha. Onyesho lenyewe lifanyike mahali pasipouzwa pombe. Na wiki ile usilale peke yako.

Nimeandika mengi, na kamera bado hujaigusa. Usiiguse kwanza. Jumapili hii nenda kwa mama yako. Simu iache mfukoni, usirekodi kitu. Mpelekee unga wa bukari, yaani ugali, kaa jikoni anapopikia, siyo sebuleni kama mgeni. Usianze na kuomba msamaha siku hiyo, utamlazimisha akubembeleze, na mama anayebembeleza hasimulii. Muulize jambo moja tu: usiku ule wa dirisha, yeye alikuwa amesimama wapi? Kisha nyamaza mpaka amalize, hata akinyamaza yeye kwanza, hata bukari ikipoa. Ukitoka, andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, ukiwa njiani, kabla hujafika Katuba.